Mwaka wa Tarumbeta la Pili

Neema alinipigia simu Jumanne nikiwa kwenye kikao kazini, na kwa kuwa watu wa umri wake hawapigi simu, huandika tu, nilijua kabla sijapokea. Baba yake alikuwa amefariki asubuhi ile. Aliniambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, kisha akasema kwamba Jumamosi vijana wa matarumbeta wa kanisa watapiga ule wimbo wa Namba Nne, na anataka nikae pembeni yake nipige sehemu yangu ya zamani, tarumbeta la tatu. Nilimwuliza nani atapiga solo. Akasema yeye. Nikamwambia karatasi za nota ninazo bado, naweza kumletea. Akasema hazihitaji, aliijua kwa kusikiliza. Nilirudi kwenye kikao, nikakaa, nikatikisa kichwa kila wengine walipotikisa, na muda wote sikusikia lolote isipokuwa kipande kifupi katikati ya solo ile, mahali ambapo nilikuwa na hakika binti huyu angeanguka mbele ya watu wote waliokuja kumzika baba yake.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Habari za nyumbani kwetu na za jinsi nilivyofika Texas naziruka. Wengi wamezisimulia zao vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Inatosha kusema nilikuwa nimemaliza chuo Richardson, karibu na Dallas, nikapata kazi ya kompyuta katika ofisi ambayo dirisha lake lilitazama chuo kile kile, na sikuwa na amani. Nilikuwa mtu wa kuuliza. Niliuliza kwa nini tunaombea chakula kabla ya kukila na si baada ya kujua kama ni kizuri. Niliuliza kwa nini mkuu wangu alimwandikia barua pepe mtu ambaye angeweza kumgusa bega. Wakenya wenzangu waliacha kunialika kwenye vikundi vya maombi, na wale wasioomba waliacha kunialika kwenye nyama choma. Kitu kimoja tu sikuwahi kukihoji, nacho ni tarumbeta nililojifunza katika bendi ya shule ya wasichana. Kwa hiyo mwenzangu mmoja wa ofisini, mpiga tromboni, aliponiambia kuna bendi kubwa ya swing, ile jazi ya zamani ya dansi, inayotafuta tarumbeta la tatu, nilikwenda bila kufikiri.

Mazoezi yalifanyika Jumamosi mchana huko Garland, mji jirani, katika chumba kilichokuwa duka la mazulia. Mwenye duka alipofunga aliacha vipande vya sampuli, na kiongozi wetu, Bwana Harlan, alivipigilia misumari ukutani kuanzia sakafuni hadi darini ili kuua mwangwi: kijani, kahawia, waridi, zambarau iliyopauka. Chumba kilinuka gundi na kahawa. Bwana Harlan alikuwa Mzungu mrefu aliyefundisha bendi za shule za sekondari maisha yake yote, zile bendi za Texas zinazotembea uwanjani wakati wa mpira, na alipostaafu hakwenda kuvua samaki kama wenzake. Alichukua santuri za zamani, za enzi ambazo watu walicheza dansi ya swing kila mwisho wa juma na bendi nzima ilirekodiwa ikiwa imekaa chumba kimoja mbele ya kipaza sauti kimoja au viwili, akazisikiliza mpaka akaandika kila sehemu kwenye karatasi: saksafoni, tromboni, matarumbeta, mpaka mahali mpiga ngoma alipogonga ukingo badala ya ngozi. Alitaka turekodi upya, nota kwa nota, kwa vifaa vya leo, ili mtu asikie kile ambacho mikwaruzo ilikuwa imekifunika. Na alitaka turekodi kwa njia ya kale: wote pamoja, bila kukata, bila kubandika. Mtu akikosea, ama wote wanarudia kuanzia mwanzo, ama kosa linabaki.

Mimi, bila shaka, niliuliza. Wimbo wenyewe upo tayari, ulishapigwa na watu waliouvumbua. Sisi tunaongeza nini zaidi ya usafi? Na kama ni usafi tunaoutaka, kwa nini tunanakili hata solo? Solo ni kitu ambacho mtu alikibuni palepale, siku ile, kwa pumzi aliyokuwa nayo. Kuiandika na kuipiga upya baada ya miaka yote hii niliona ni sawa na kuhifadhi kicheko cha mtu kwenye karatasi, kisha kumpa mwingine akicheke. Bwana Harlan hakukasirika. Alisema nimeuliza vizuri, nikae, nifungue ukurasa wa pili. Kwa walimu wa bendi hilo ndilo jibu la kila kitu.

Pembeni yangu, kwenye kiti cha tarumbeta la pili, alikaa mwanamume mfupi mwenye koti la kiwandani. Mara ya kwanza nilimsalimu kwa Kiingereza, naye akanijibu kwa Kiingereza cha tahadhari, tukaishia hapo. Kisha ukaja wimbo ambao matarumbeta yanasubiri muda mrefu kabla ya kuingia, nikamsikia akihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, ine. Niligeuka. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba amepitisha hesabu moja. Hakushtuka. Alimaliza kuhesabu, akapiga sehemu yake, akashusha tarumbeta, ndipo akasema, "Weye ndiye ulichelewa, mutoto yangu. Na uko wa Kenya, ju unagombana mbele ya kusalimia."

Huyo alikuwa Papa Elia. Alikuwa ametoka Uvira, Kongo, akakaa miaka mingi kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, kisha akaletwa Garland, ambako alifanya kazi kwenye kiwanda cha madirisha, zamu ya asubuhi. Tarumbeta alijifunza katika bendi ya kanisa ambayo wapigaji wake, ukisikia anavyosimulia, walikuwa na nidhamu kuliko jeshi. Watu hudhani solo hupigwa na tarumbeta la kwanza. Sivyo. La kwanza hubeba sauti za juu za bendi nzima na midomo yake huchoka, kwa hiyo solo mara nyingi huenda kwa wa pili. Ndivyo Papa Elia alivyopata solo ya wimbo ambao sisi tuliuita Namba Nne, kwa kuwa ulikuwa wa nne kwenye orodha ya kurekodi.

Katika santuri ya zamani, solo hiyo ina kasoro. Mpigaji anapanda kuelekea nota ya juu na sauti inapasuka. Ni kwa muda wa kupepesa jicho tu, kama mtu aliyepaliwa na mate, kisha sauti inajikusanya na kuendelea. Bwana Harlan aliuandika hata mpasuko huo. Aliuwekea duara la penseli kwenye karatasi ya Papa Elia, akamwomba aupige. Alisema wapenzi wa muziki ule wanausubiri, ukiuondoa hawatajua ni solo ya nani. Papa Elia aliupiga mstari ule msafi kama kioo. Juma lililofuata, msafi tena. Bwana Harlan akaniomba nimfafanulie, labda Kiingereza hakikueleweka. Kilieleweka sana. Huko Uvira, Papa Elia aliniambia, mtu aliyepasua sauti mbele ya madhabahu alinyang'anywa tarumbeta na kubebeshwa ngoma kubwa mpaka Pasaka. Lakini haikuwa hofu ya ngoma.

"Umwambie, kosa ya mutu ni ya kwake," alisema. "Miye naweza kuazima wimbo yake. Siwezi kuiba kosa yake."

Nilitafsiri. Bwana Harlan alitazama karatasi, akasema duara litabaki pale, na kwamba yeye ni mvumilivu. Nami, niliyekuja na maswali yangu yote, niliona kwa mara ya kwanza kwamba wanaume hawa wawili walikuwa wakibishana juu ya swali langu, na hakuna aliyehitaji maoni yangu.

Ilikuwa mwezi wa Machi nilipogundua habari ya jino. Mtu anayepiga tarumbeta huwa na alama ya duara kwenye midomo, mahali pale pale kila siku, na alama ya Papa Elia ilikuwa imehama. Ilikuwa imesogea kuelekea kushoto. Nilipomwuliza alisema ni uzee. Jumamosi moja alinialika kwao kula. Waliishi katika nyumba za kupanga nyuma ya maghala, ghorofa ya pili, sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na televisheni ikiwaka bila sauti. Mkewe, Mama Furaha, alipakua bugali, yaani ugali, sombe ya kisamvu na ndagala, dagaa walizoletewa na mtu aliyesafiri. Neema, binti yao, aliyekuwa na miaka tisa, alikula pizza iliyopashwa moto, na kila alichoulizwa kwa Kiswahili alikijibu kwa Kiingereza bila kuinua macho. Papa Elia alimega bugali vipande vidogo sana na kuvitafuna upande mmoja, kichwa kimeinama, kama anayesikiliza saa ukutani.

Mama Furaha ndiye aliyesema. Jino la mbele la juu lilikuwa limekufa mzizi. Daktari wa meno alikuwa amelipiga picha, akasema ling'olewe, chini yake kuna usaha. Lakini jino la mbele ndilo ukuta ambao midomo ya mpiga tarumbeta huegemea. Liking'olewa, midomo hutafuta ukuta mpya, na kuna wanaoutafuta mwaka mzima, na wapo wasioupata. Kurekodi kulipangwa mwisho wa Aprili. Papa Elia alikuwa amemwambia daktari atarudi Mei.

"Muulize ananipenda miye ao anapenda ile chuma," Mama Furaha aliniambia, akimwongezea mumewe sombe. "Miye ananiambia midomo inauma. Chuma anaibusu kila siku."

Papa Elia alicheka kwa kuziba mdomo. Nilicheka pia. Tangu siku hiyo sikuwa tena na nafasi ya kuuliza kama muziki wetu una maana. Nilikuwa na swali moja tu, na lilikaa kiti cha pembeni yangu kila Jumamosi.

Aprili ilipofika, ukumbi wa kurekodia tulioukodi Houston ulivuja maji, tarehe ikasogezwa Juni. Juni mpiga piano alifiwa, ikasogezwa mwishoni mwa Septemba. Kila mara Bwana Harlan alipotangaza tarehe mpya sikumtazama yeye, nilitazama shavu la kulia la Papa Elia. Alikuwa ameanza kuweka karafuu ndani ya mdomo. Chumba cha mazulia kilinuka gundi, kahawa na pilau. Nilimwambia ang'oe, ampe mtu mwingine solo. Nilimwambia mara nyingi, kwa upole, kwa hasira, mara moja kwa hoja ndefu kuhusu bakteria niliyokuwa nimeisoma mtandaoni ndani ya treni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nina akili sana, na kwamba mtu mwenye akili sana asikae tarumbeta la tatu, aende awe waziri. Siku nyingine jino lilitulia kabisa na alipiga vizuri kuliko wote, na hizo ndizo siku zilizonitisha zaidi, kwa sababu alianza kuamini limepona.

Tuliteremka Houston siku ya Ijumaa kwa gari langu, matarumbeta yetu kwenye kiti cha nyuma kama watoto waliofungwa mikanda. Tulikuwa tulale Missouri City, kando ya Houston, kwa shangazi yangu, Anti Moraa, ambaye ni muuguzi, na mpaka leo siwezi kusema kama nilipanga hivyo kwa ajili ya kitanda au kwa ajili ya macho yake. Kwenye kituo kikubwa cha mafuta katikati ya safari Papa Elia alinunua barafu, akaifunga kwenye leso na kuishikilia usoni, akitazama ng'ombe wa watu.

Anti Moraa alikuwa amepika kama kawaida yake, chapati zilizopangwa juu ya nyingine na kufunikwa taulo, mbuzi wa mchuzi, sukuma. Alimkaribisha mgeni, akamwita Baba Neema, akamwuliza habari za Dallas. Kisha akawasha taa ya juu ya meza, na sahani aliyokuwa ameishika hakuiweka chini. Alimzunguka akasimama mbele yake. Alimwomba aangalie juu, kisha pembeni. Aligusa chini ya jicho kwa kidole kimoja, na Papa Elia, mtu niliyemwona akibeba spika peke yake, akafumba macho.

"Hii uso imefura lini?" aliuliza, naye alikuwa ananiuliza mimi. Nilisema asubuhi haikuwa hivyo. Akasema, "Baba Neema, hii si jino tena. Hii ni infection inapanda. Ikifika kwa jicho, ikifika kwa ubongo, hakuna tarumbeta, hakuna Baba Neema. Vaa viatu twende emergency."

Nilitumwa kutafuta funguo za gari, na sikuzitafuta kwa bidii, kwa sababu kutoka kwenye korido niliwasikia. Anti alizungumza haraka na kwa muda mrefu. Alikuwa akimweleza watu aliowaona wodini, bila majina, mmoja baada ya mwingine. Papa Elia hakumkatiza. Alipomaliza nilisikia kiti kikisogezwa, na sauti yake, nzito kwa sababu ya shavu.

"Mama, yote unasema iko kweli. Lakini unisikie kidogo. Kuanzia Uvira, mupaka kambini, paka Garland, nimepigia watu harusi, nimepigia watu maziko, Krismasi, Pasaka. Hakuna mutu alishika sauti yangu hata siku moja. Nikifunga mdomo, imeisha. Kesho saa sita mchana, hii jino ni ya kwako. Unipe paka saa sita."

Nilikuwa nimesimama kando ya picha za mahafali za binamu zangu, na nakumbuka nilitaka vitu viwili kwa nguvu sawa: Anti amburute mpaka kwenye gari, na Anti amwache. Nilizoea kuwa mtu wa kuona pande zote za jambo, na nilijivunia hilo. Usiku ule nilijifunza kwamba kuona pande zote hakukusaidii kitu mtu anapokuwa mgonjwa mezani.

Anti aliamua kama wauguzi wanavyoamua. Alimpigia daktari wa meno anayesali naye, akapata nafasi ya Jumamosi saa sita. Alichukua kipimajoto, akakiweka mbele ya Papa Elia. Atampima usiku na asubuhi. Homa ikipanda, au jicho likianza kufumba, hakuna mazungumzo. Na kesho atakuja mwenyewe ukumbini, atakaa palepale. Wimbo wake upigwe wa kwanza. "Na hamtaniambia eti bado kidogo," alisema. "Mimi najua bado kidogo ya wanaume."

Ukumbi ulikuwa wa dansi, wa zamani, sakafu ya mbao iliyolika katikati. Asubuhi ile ilibidi mimi nimwambie Bwana Harlan kwa nini tunataka Namba Nne itangulie. Nilitarajia abishe, kwa kuwa aliiweka ya nne makusudi, midomo iwe imepata joto. Badala yake alimpeleka Papa Elia dirishani, akamwomba afungue mdomo, akatazama humo kwa utaratibu, mzee aliyeyajua meno ya wapiga tarumbeta kwa miaka arobaini. Nikamwona anaweka mkono begani mwake. Kisha akarudi mbele na kusema tunaanza na Namba Nne. Fundi wa mitambo akazima viyoyozi, kwa sababu vinasikika kwenye kipaza sauti, na ndani ya dakika chache joto la Houston likatuingia sote. Anti Moraa, kwenye kiti chake kando ya mlango, mkoba magotini, alikunja uso. Kila mtu alikuwa anatoka jasho. Hangeweza tena kujua jasho la Papa Elia ni la nini.

Mara ya kwanza haikufika mbali. Mpiga besi aliingia mapema na Bwana Harlan akainua mkono. Nilimwona Papa Elia akifuta kipulizio chake kwa leso, na leso ikawa na rangi ya damu. Mara ya pili tuliingia vizuri. Kuna kitu hutokea katika bendi ya watu wengi inapokaa sawa. Hujisikii unapiga, unajisikia umebebwa. Saksafoni zilipita, tromboni zikajibu, kisha wote tukanyamaza isipokuwa ngoma, besi na piano, na Papa Elia akasimama. Nilikuwa nimeacha kupumua. Alipiga ile solo ya mtu mwingine, nota kwa nota, kama alivyoipiga Jumamosi zote. Alipofika kwenye duara la penseli alipanda akaipata nota ya juu, safi, nami nikamwona Bwana Harlan akitabasamu kwa kushindwa. Nilidhani tumevuka. Zilibaki pumzi chache tu. Na hapo, akishuka, kwenye nota ndefu ya katikati, nota rahisi ambayo hata mimi ningeipiga usingizini, sauti ikapasuka. Ilipasuka katikati, ikatoa mlio wa chini, mbaya, kama mlango wa bati, ikatetemeka, kisha akaikamata. Sijui aliikamata kwa kitu gani, kwa jino lipi. Aliishikilia mpaka mwisho wake halali, akamaliza mistari iliyobaki, akakaa. Sisi wote tuliingia juu yake kwa nguvu kama watu wanaomfunika mtu blanketi.

Wimbo ulipoisha hakuna aliyetikisika mpaka upatu ukanyamaza kabisa. Kisha wote tukamtazama Bwana Harlan, kwa maana kanuni ilikuwa yake: ama tunarudia, ama linabaki. Alimwuliza Papa Elia kwa macho. Papa Elia alikuwa ameweka leso mdomoni. Alitikisa kichwa, hapana. Jino lilikuwa limelala upande. Anti Moraa alikuwa amekwisha kusimama.

Bwana Harlan akamwambia fundi, linabaki.

Waling'oa jino saa sita na kidogo, wakamweka hospitalini siku mbili kwa ajili ya dawa ya kuingizwa mshipani, na uvimbe ukashuka. Bendi ilirekodi nyimbo zilizosalia bila tarumbeta la pili; sikiliza kwa makini utasikia pengo. Papa Elia aliwekewa jino la bandia na akajaribu mwaka mzima, lakini ukuta ule hakuupata tena. Alipiga sauti za chini kanisani, kisha akaacha na kuanza kufundisha watoto, Neema akiwemo. Sikuwahi kumwona akiisikiliza Namba Nne. Nakala alizopewa aliziweka nyuma ya televisheni. Kwa miaka yote nilidhani anaona aibu ya kosa lile, kwamba sauti pekee iliyowahi kushikwa ilishikwa ikiwa imevunjika, na sikumwuliza. Mimi, mtu wa kuuliza.

Jumamosi ya maziko nilifika kanisani Garland mapema, nikiwa na karatasi zangu ingawa Neema alizikataa. Ni msichana wa chuo sasa, mrefu kuliko baba yake, na alikuwa amevaa lile koti la kiwandani la marehemu juu ya gauni jeusi. Kwenye mazoezi ya Ijumaa alikuwa ameiruka solo. Alituambia tuhesabu tu, ataipiga siku yenyewe. Vijana walitii. Mimi nilikuwa sijalala. Nilijua watu wanavyoumia koo wanapolia, na nilijua tarumbeta halisamehe koo. Nilipanga kwamba akishindwa nitaichukua mimi, nitaimalizia, nilikuwa nimeirudia nyumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

Alisimama. Alianza polepole kuliko sisi tulivyoanza, akapata mwendo. Kwenye mahali pa duara la zamani alipita juu, safi. Akaanza kushuka, akafika kwenye nota ndefu ya katikati, ikapasuka. Mlio ule ule wa mlango wa bati. Niliinua tarumbeta langu nimwokoe. Lakini macho yake hayakuyumba, na vijana nyuma yetu hawakugeuka hata mmoja, na sauti yake ilitetemeka kwa muda ule ule, ikajikusanya pale pale, ndipo nikashusha mikono. Mama Furaha, kwenye kiti cha mbele, alikuwa akitikisa kichwa kufuata muziki, kama mtu anayesikia kitu anachosikia nyumbani kila siku.

Tukiwa tunaweka vyombo kwenye masanduku nilimwuliza Neema alijifunza lini mpasuko ule. Alinijibu kwa Kiingereza, akishangaa kidogo, kwamba ndivyo wimbo unavyokwenda. Baba yake ndiye aliyemfundisha, asubuhi kabla ya shule, kwa kuweka ile rekodi na kuirudia mahali hapo mpaka aipate. Alikuwa mkali, alisema. Ukipiga nota ile safi alikuwa anakurudisha mwanzo.

Makaburini walituomba tuupige tena wakati wa kushusha jeneza. Upepo ulikuwa unavuma kutoka barabara kuu, karatasi zangu zilikuwa ndani ya gari. Neema alisimama kando ya udongo, koti lile limemzidi mabega, akaanza, na nikajikuta nimeshika pumzi tena kama nilivyoishika Houston. Nilihesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, ine. Safari hii nilikuwa naogopa kwamba ataipiga bila kosa. Alipita juu. Akashuka. Ikapasuka.

Nikaingia na tarumbeta la tatu, chini yake, mahali pangu.